Kuzunguka Nukta Moja: Historia ya Picha za Pande Zote, kutoka Edinburgh hadi Kimondo cha Mbozi

Mwaka 1898 makundi mawili ya wapimaji, moja la Waingereza na jingine la Wajerumani, yalitembea kwenye nyanda za juu zilizoko kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Waingereza waliongozwa na Charles Close, Wajerumani na Kapteni Herrmann. Nchi waliyoipita ilikuwa imekwisha kugawanywa miaka minane kabla yao, kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 ambao uliutaja Mto Songwe kuwa sehemu ya mpaka. Kilichobaki ni kuutoa mpaka kwenye karatasi na kuuweka ardhini.

Kazi yao ilikuwa na utaratibu mmoja, kilima baada ya kilima. Mpimaji hupanda juu, husimamisha theodolaiti yake kwenye miguu mitatu, hulenga kilele kimoja cha mbali na kusoma pembe. Kisha hugeuza chombo kidogo, hulenga kilele kingine, na kuendelea hivyo mpaka amerudi alikoanzia, nyuzi 360 kamili. Halafu mzigo hufungwa, wapagazi hujitwisha, na safari huanza kuelekea kilima kinachofuata, ambako mzunguko hurudiwa. Kilele kilichoonekana hapa kwa pembe hii, huonekana kule kwa pembe nyingine. Na tofauti hiyo ndiyo inayotoa umbali.

Hivyo ndivyo nchi ambayo leo ni Mkoa wa Songwe ilivyotazamwa pande zote kwa chombo cha kisasa. Mzunguko ulikamilika, lakini yaliyohifadhiwa ni namba. Wapagazi waliokuwa wamesimama hatua chache nyuma ya theodolaiti, na wenyeji waliokuja kushangaa, hawakuwa na pembe ya kuandikwa daftarini.

Historia ya picha za pande zote, zile ambazo leo mtu huziangalia kwenye simu kwa kutelezesha kidole au kwa kuvaa miwani ya uhalisia pepe, ni historia ya mtu huyo huyo anayesimama mahali pamoja na kugeuka. Mashine zimebadilika mara nyingi. Swali la nani anachagua mahali pa kusimama limebadilika polepole zaidi.

Kutoka turubai hadi kioo

Mchoraji Robert Barker alipata hataza ya uvumbuzi wake mwaka 1787. Alikuwa amesimama Calton Hill, kilima kilicho katikati ya mji wa Edinburgh, Uskoti, akauchora mji wote kuzunguka alipokuwa. Ugumu haukuwa kuchora. Ulikuwa kuipinda michoro ili mistari iliyonyooka ionekane imenyooka hata baada ya turubai kuviringwa kuwa duara. Mwaka 1793 alifungua jengo la mviringo Leicester Square, London. Watazamaji walilipa kiingilio, wakapanda ngazi hadi kwenye jukwaa la katikati, wakajikuta wamezungukwa. Juu paa lilificha ukingo wa turubai, chini jukwaa lilificha miguu yake, ili jicho lisipate mahali pa kukumbuka kwamba liko ndani ya nyumba. Hilo ndilo wazo zima la miwani ya uhalisia pepe, ila Barker alilijenga kwa matofali na rangi.

Picha za kamera zilipotangazwa Paris mwaka 1839, haikupita miaka mingi kabla ya watu kutaka nazo zizunguke. Friedrich von Martens, mchongaji aliyeishi Paris, alitengeneza katikati ya miaka ya 1840 kamera ambayo lenzi yake iligeuka kwa mkono ikifagia upana wa nyuzi 150 hivi juu ya bamba lililopinda. Wengine walichukua njia rahisi zaidi: kupiga picha kadhaa za kawaida moja baada ya nyingine, kisha kuzipanga bega kwa bega. Njia hizi mbili, ya lenzi inayofagia na ya vipande vinavyoungwa, zimeishi mpaka leo, na anayeanza sasa bado hulazimika kuchagua mojawapo.

Pwani yetu ilikutana na kamera mapema. James Grant alipiga picha Unguja mwaka 1860, kabla ya kwenda bara pamoja na John Speke kutafuta chanzo cha Nile, na kamera yake ilikuwa ya macho mawili, inayotoa jozi ya picha ambazo zikitazamwa pamoja hutoa kina. Walipoingia bara aliiweka kando, akashika penseli. Si ajabu: bamba la kioo la zama hizo lilipakwa dawa na kusafishwa likiwa bado majimaji, ndani ya hema lenye giza na joto, na maji safi yalihitajika kila mara. Mtu aliyetaka kuzunguka nyuzi 360 angehitaji mabamba mengi, na jua lisingemsubiri.

Baadaye studio kama ya A. C. Gomes na ya ndugu Coutinho zilifungua milango Unguja, na picha pana za mji wa mbele ya bahari zikawa bidhaa. Nyingi zilipigwa kutoka majini: ngome, Beit al-Ajaib, majumba yaliyojipanga ufukweni. Mji ulionekana kama unavyoonekana na mgeni aliye juu ya meli. Ng'ambo, upande wa nyuma wa majumba hayo ambako wakazi wengi waliishi, haukuwa mbele ya lenzi.

Wapimaji warudi

Huku Mbozi, Songwe, mzunguko wa pili uliletwa tena na mpimaji. Oktoba 1930, W. H. Nott, mpima ardhi kutoka Johannesburg, alikutana na Kimondo katika miteremko ya kilima cha Marengi. Wenyeji walikuwa wakilijua jiwe hilo vizazi na vizazi. Kilichoanza mwaka huo ni kuandikwa kwake. Ni kipande cha chuma chenye urefu wa mita tatu na ushei, uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, chuma asilimia 90 hivi na nikeli karibu asilimia 9. Hakuna shimo linaloonyesha kilipoangukia, wala simulizi ya watu walioshuhudia kikishuka, na kutokana na hayo wataalamu hukadiria kwamba kilianguka maelfu ya miaka iliyopita. Mwezi Desemba mwaka huo huo mjiolojia D. R. Grantham alikata kipande cha sentimita 10 kwa msumeno wa chuma. Kazi hiyo ilimchukua saa kumi.

Mzunguko wa tatu ulikuja na reli. Mkataba wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ulitiwa saini Beijing mwezi Septemba 1967, na kuanzia mwaka uliofuata wapimaji wa Kichina walitembea njia nzima wakiwa na Watanzania na Wazambia, wakilenga na kugeuka, wakilenga na kugeuka. Mwaka 1973 reli ikafika Tunduma na kuvuka mpaka uleule ambao Close na Herrmann walikuwa wameuweka. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi zilikabidhiwa rasmi Julai 1976.

Ukizitazama safari hizo tatu kwa pamoja, utaona kwamba Songwe haikukosa watu wa kuizunguka kwa macho. Ilizungukwa na waliokuwa wakipita, kila mmoja akiwa na jambo lake: mpaka, ardhi, reli. Hata barabara iliyoifanya Tunduma kuwa Tunduma, yenye malori ya shaba na mafuta yanayoelekea Lusaka na Lubumbashi au kurudi bandarini, ni ya wapitaji. Ni rahisi kupata picha ya foleni ya malori mpakani. Ni vigumu kupata picha ya kile ambacho dereva angekiona kama angegeuka nyuma.

Kompyuta yajifunza kuunga

Huko ughaibuni, mambo yaligeuka baada ya kompyuta kuingia. Mwaka 1978 watafiti wa chuo cha MIT walifunga kamera juu ya gari, wakapita mitaa ya Aspen, mji mdogo wa Colorado, Marekani, wakipiga picha kila baada ya hatua chache. Mtazamaji aliweza "kutembea" mjini kwa kugusa kioo. Mwaka 1995 kampuni ya Apple ilitoa programu ya QuickTime VR, na kwa mara ya kwanza mtu mwenye kompyuta ya kawaida aliweza kugeuka ndani ya picha.

Kikwazo kilikuwa kuunga. Vipande viwili vinavyopakana havikubaliani kirahisi: lenzi hupinda mistari, mwanga hubadilika, mkono hutikisika. Profesa Helmut Dersch wa Furtwangen, Ujerumani, aliandika mwaka 1998 programu za kufanya hesabu hizo akazitoa bure. Kampuni ya Kimarekani iitwayo iPIX ikamtishia kwa madai ya hataza, naye akaziondoa kwenye tovuti yake. Waliokuwa wamezinakili hawakuziacha zife. Kutokana nazo ilizaliwa Hugin, programu ya bure ambayo mpaka leo mwanafunzi asiye na fedha anaweza kuipakua na kufanyia kazi ileile inayofanywa na programu za kulipia. Kampuni ya iPIX ilifilisika mwaka 2006.

Katika miaka hiyohiyo David Lowe wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, alitafuta namna ya kuifundisha kompyuta itambue alama zilezile ndani ya picha mbili tofauti. Mwaka 2003 yeye na Matthew Brown walionyesha kwamba mashine inaweza kupewa rundo la picha zilizochanganyika, ikajua yenyewe zipi zinaungana na wapi. Simu inapounga picha pana leo, inatembea katika njia waliyoifungua.

Tarehe 25 Mei 2007 Google ikazindua Street View, huduma ya picha za pande zote za barabarani, katika miji mitano ya Marekani. Barani kwetu ilianza Afrika Kusini mwaka 2010. Tanzania iliingia kwa mlango wa utalii: mwaka 2013 picha za kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, na mwaka 2014 za msitu wa Gombe, zilizopigwa pamoja na Taasisi ya Jane Goodall. Gombe mpigaji alibeba mgongoni kamera ya lenzi 15 yenye uzito wa kilo 18 hivi. Kilimanjaro walipanda na stendi nyepesi na kamera ya kawaida yenye lenzi ya jicho la samaki, vifaa ambavyo mpiga picha wa harusi wa Mbeya angeweza kuvikopa. Mlima mrefu kuliko yote Afrika ulipigwa kwa vifaa hivyo, na hilo lilitosha kuonyesha kwamba mashine kubwa si sharti.

Kamera yafika mikononi mwa wenyeji

Mwaka 2013 kampuni ya Ricoh ilitoa Theta, kijiti chenye lenzi mbili zilizopeana mgongo, kinachopiga duara zima kwa kubonyeza mara moja. Mwaka uliofuata Google wakaonyesha miwani ya boksi ambayo ndani yake huwekwa simu. Vitu vilivyohitaji jengo la Barker sasa viliingia mfukoni.

Tofauti ilionekana upesi. Mwaka 2018 Tawanda Kanhema, mpiga picha Mzimbabwe anayeishi California, alichoka kuitafuta nchi yake kwenye Street View bila kuiona. Akaazima kamera ya lenzi sita, akaifunga juu ya gari, akazipita barabara za Zimbabwe kwa gharama yake. Mwishoni mwa muongo huo, Zanzibar ilipata mradi wake: Federico Debetto na Nickolay Omelchenko, wapiga picha wa kigeni, walishirikiana na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kupiga barabara, fukwe na vichochoro. Chuo hicho hakikuwa kigeni katika mambo hayo, kwani tangu mwaka 2016 wanafunzi wake walikuwa wakirusha ndege zisizo na rubani kuandaa ramani ya Unguja na Pemba kwa ajili ya Kamisheni ya Ardhi.

Mwanafunzi wa SUZA aliyevaa kamera mgongoni anajua kichochoro kipi hutokea wapi, saa ngapi jua huingia kati ya kuta zilizobanana, na ni nani wa kubishiwa hodi kabla ya kupita uani kwake. Picha za Gomes na Coutinho ziliuona mji kutoka majini. Hizi ziliuona kutoka ndani.

Somo la Kimondo

Anayetaka kuanza Songwe atafute kwanza mahali pa kusimama, ndipo afikirie kamera. Katika picha ya kawaida mpigaji huchagua cha kuonyesha na cha kuficha: huinama kidogo, nguzo ya umeme ikatoka, husogea kushoto, jalala likapotea. Katika picha ya pande zote hila hiyo haipo. Nguzo imo, jalala limo, mama lishe na sufuria lake wamo. Uamuzi mmoja tu umebaki, nao ni mahali ambapo lenzi itasimama.

Kimondo kinafundisha hilo kuliko kitu kingine chochote mkoani. Kiko kijiji cha Ndolezi, wilayani Mbozi, na kinafikika kwa barabara inayochepuka kutoka barabara kuu ya Tunduma. Ukisimama mbali, kinakuwa kidoti cheusi katika duara pana la nyasi na anga. Ukisogea karibu kupita kiasi, lenzi hukivimbisha na kila kitu kingine hukimbilia mbali. Mita moja na nusu au mbili, na lenzi ikiwa usawa wa macho ya mtu mzima, mtazamaji atahisi yuko mbele ya chuma chenyewe, na akigeuka ataiona nchi kilikoangukia.

Hapo ndipo adui mkuu wa fani hii hujitokeza. Lenzi ikigeuzwa huku imesogea hata sentimita chache, kitu cha karibu huhama kikilinganishwa na cha mbali. Ukingo wa Kimondo katika kipande cha kwanza utafunika mti fulani wa nyuma. Katika kipande cha pili mti huohuo utachungulia. Vipande hivyo havitaungana vizuri, na chuma cha tani 16 kitaonekana kimekatwa na kushonwa upya. Ni kuhama kulekule ambako Close na Herrmann walikuhitaji ili wapate umbali: anachokitafuta mpima ardhi ndicho anachokikimbia mpiga picha. Dawa yake ni kuzungusha kamera juu ya nukta iliyo ndani ya lenzi yenyewe badala ya juu ya bega au kifua. Kuna kichwa maalumu cha stendi kwa kazi hiyo. Asiye nacho afunge uzi wenye kijiwe chini ya lenzi, aweke alama ardhini, ahakikishe kijiwe hakiiachi alama anapogeuka.

Mengine hufuata. Mwanga na rangi zifungwe kabla ya kipande cha kwanza ili anga lisitoke mabaka. Kila kipande kipandane na jirani yake kwa theluthi hivi, maana programu haiwezi kutafuta alama za pamoja mahali zisipokuwepo. Lenzi ya jicho la samaki humaliza duara kwa vipande vinne hadi sita, pamoja na kimoja cha juu na kimoja cha chini. Lenzi ya simu huhitaji makumi. Picha kamili hutoka na upana mara mbili ya kimo. Mwenye kamera ya lenzi mbili huepuka karibu taabu zote hizo, ila moja: yeye mwenyewe ataonekana. Itambidi apige kwa simu akiwa kajificha, na pale Ndolezi maficho ya chuma yapo tayari.

Watu ni jambo la uzito zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwisha kuanza kutumika nchini, na kamera ya pande zote humnasa hata aliyedhani yuko nyuma yake. Kwenye soko la Mlowo ni adabu kuwaeleza watu kabla ya kubonyeza, na kuzifunika sura za wasiotaka. Kwenye kituo cha huduma kwa pamoja mpakani Tunduma, kilichozinduliwa mwaka 2019 na Marais wa wakati huo, Magufuli wa Tanzania na Lungu wa Zambia, na kwenye reli, hakuna kupiga bila kibali.

Historia hii ina onyo jingine. QuickTime VR ilikufa. Programu ya simu ya Street View, iliyowafundisha wengi kupiga duara lao la kwanza, ilifungwa Machi 2023. Anayeweka kazi yake yote kwenye mlango wa kampuni moja, siku mlango ukifungwa hubaki nje. Vipande asilia vihifadhiwe, na picha iliyoungwa iwe katika muundo wa kawaida unaosomwa na mashine yoyote. Nakala ipelekwe shuleni, halmashauri au makumbusho.

Mkoa wa Songwe ulizaliwa rasmi mwaka 2016, ukimegwa kutoka Mbeya. Ni kijana kuliko Theta ya kwanza. Stesheni ya Tunduma, mashamba ya kahawa ya Mbozi, bonde la Mto Songwe kule Ileje na ufukwe wa Ziwa Rukwa kule Momba vinaweza kuwekwa kwenye kumbukumbu ya duara wakati mkoa bado unajengwa, na waliopo wangali wanakumbuka palivyokuwa. Kamera inaweza kuazimwa, kama Kanhema alivyofanya. Programu ya kuunga ni ya bure. Mpita njia aweza kuleta vyote viwili kwenye buti la gari. Lakini kujua kwamba asubuhi ya mnada ndiyo ya kusimama hapa, na jioni ya mavuno pale, ni mtaji wa aliyezaliwa Vwawa, Chitete au Itumba, na ndio pekee usiouzwa dukani.